Naomba kwa Hiari Yangu

Mpwa wangu anafanya kazi Moshi, kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Mwezi uliopita, usiku, alinitumia picha ya karatasi kwenye WhatsApp na chini yake akaandika: "Mjomba shikamoo. Hii ni nzuri?" Nikaikuza picha. Juu kuna nembo ya kampuni, kisha nafasi ya jina, nafasi ya namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, halafu sentensi inayoanza hivi: "Mimi niliyetajwa hapo juu naomba kwa hiari yangu kusitisha mkataba wangu wa ajira..."

Sikuhitaji kusoma iliyobaki. Karatasi ya namna hiyo niliisaini mwaka 2020, hapa Arusha, kwa kalamu ya kuazima.

Niseme mapema kwamba waliokuwa waajiri wangu hawakuniibia. Kiasi kilichoandikwa ndicho kilichoingia benki, na kiliingia siku waliyoahidi. Ndiyo maana nimekaa kimya miaka yote hii. Mtu ambaye hakuibiwa atalalamikia nini? Na kuna aibu pia. Nilikuwa mtunza stoo. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu bushi, shokapu, filta na plagi, na kujua kila kilichotoka kimetoka kwa saini ya nani. Kwa miaka 14 hakuna nati iliyotoka stoo bila fomu. Halafu siku moja nikajitoa mimi mwenyewe, kwa fomu ambayo sikuisoma vizuri.

Kampuni ilikuwa ya utalii, gereji yake upande wa Njiro, magari thelathini na kitu, wenye hisa wengi wakiwa nje ya nchi. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na mgonjwa huyo alikuwa hapa hapa Arusha, ameshukia uwanja wa ndege wa KIA siku moja kabla. Katikati ya Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Mei 18 anga likafunguliwa tena, lakini anga kufunguka ni jambo moja na mgeni kupanda ndege ni jambo jingine. Juni, mwezi ambao kwa kawaida nilikuwa sijui saa ya kula, nilishinda nimekaa mlangoni mwa stoo nikitazama Land Cruiser zilizopandishwa juu ya magogo ili matairi yasiharibike. Tulikuwa tunapokea nusu mshahara tangu Mei na hakuna aliyenung'unika. Pale Sakina niliwaona waongoza watalii ninaowafahamu wakiuza parachichi kwenye buti za magari yao. Mwenye nusu mshahara alionekana tajiri.

Mkutano uliitishwa Jumanne moja ya Julai, ndani ya gereji, viti vimetenganishwa, ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Meneja alisoma kutoka kwenye karatasi. Afisa utumishi, dada mmoja mpole ambaye tulipenda kumtania, alikaa pembeni na rundo la fomu mapajani na hakuinua macho.

Meneja alisema kuna milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa hiari: ukisaini, unalipwa mishahara 5 ya msingi ndani ya siku 14, na barua nzuri ya kukutambulisha kwa mwajiri mwingine. Mwisho wa kusaini ni Ijumaa saa kumi jioni. Mlango wa pili ni wa wale watakaobaki. Kama waliosaini hawatafikia idadi inayotakiwa, kampuni "itafuata sheria".

Nimeyafikiria sana maneno hayo mawili. Aliyatamka kama mtu anayesema "nitaita polisi". Na sisi tukayasikia hivyo hivyo. Sheria, ambayo iliandikwa kwa ajili ya watu wa aina yetu siku ya aina ile, ilitajwa kwetu kama kitisho, na gereji nzima ikaogopa. Dereva mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Hiyo sheria inatoa ngapi?" Meneja akajibu, "Kiwango cha chini." Hakudanganya. Ni kiwango cha chini kweli. Ila hakusema kuwa cha chini maana yake kuna nafasi ya kwenda juu.

Usiku ule nilikaa mezani na daftari la mwanangu wa darasa la tano, nikafungua ukurasa wa nyuma. Habari za kiinua mgongo nilizijua kidogo kutokana na mafunzo ya chama cha wafanyakazi, CHODAWU, miaka ya nyuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha kazi mtu aliyetimiza miezi 12 mfululizo amlipe kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, lakini hesabu inakomea miaka 10. Msingi wangu ulikuwa 780,000. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata 30,000 kwa siku. Mara 7, 210,000. Mara miaka yangu. Nikaandika 14, nikakumbuka, nikafuta, nikaandika 10. Miaka minne ikafutika na raba ya mtoto. Jibu: 2,100,000.

Kushoto nikaandika 3,900,000, ndiyo ile mishahara 5. Kulia 2,100,000. Nikapiga mstari chini.

Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu. "Na likizo yako ambayo hukwenda?" akauliza.

"Imo humo humo," nikamjibu, kwa sababu fomu ilisema malipo "yanajumuisha haki zote zinazotokana na ajira". Nilijibu haraka kama mtu anayejua. Laiti ningeweka kalamu chini nikalifikiria swali lake kwa dakika mbili tu.

Lakini siwezi kusema ni hesabu peke yake. Kulikuwa na baba mdogo. Alikuwa fundi wa shirika la reli la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kituo chake Nairobi, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alirudi Kibosho na sanduku la bati na vyombo vya kazi. Sisi watoto tulikua tukiliona faili lake. Lilikuwa la kijani, limefungwa kamba ya viatu, na lilitolewa kila mara redio ilipotaja malipo ya wastaafu wa Jumuiya. Wazee wale wamedai haki zao kwa miongo. Wengine waliandamana Dar es Salaam wakiwa na fimbo za kutembelea, si za kupigana. Baba mdogo alikuwa na haki isiyo na shaka hata kidogo, na alizeeka nayo ndani ya faili. Kwa hiyo mtu aliponiambia "siku 14, benki", mimi niliona faili la kijani. Nikasema bora ndizi mkononi kuliko mkungu shambani kwa mtu.

Ijumaa saa tisa na nusu nilisaini. Kalamu yangu ilikauka, nikaazima ya dada wa utumishi. Tulisaini watu 26.

Fundi mkuu wetu hakusaini. Huyu ni mzee wa Tanga, aliajiriwa huko huko Tanga na kuletwa Arusha na kampuni, miaka 19 chini ya magari. Nilimkuta mchana ule kwenye kibanda cha mama lishe nje ya geti, anakula ndizi nyama bila haraka. Nikamsalimu, nikamuuliza kama ameshapeleka fomu.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi sijaomba kuondoka. Anayetaka niondoke na aandike yeye."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Niliamini hivyo kwa miezi minne.

Waliobaki bila kusaini walikuwa 11, na idadi iliyotakiwa ilikuwa haijafikiwa, kwa hiyo kampuni ikalazimika kufuata sheria iliyotutishia nayo. Na sheria, ilipoanza kufuatwa, ilikuwa na taratibu nyingi kuliko tulivyodhani. Mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio hilo mapema, atoe taarifa zote zinazohitajika, kisha akae na chama au na wafanyakazi wenyewe kushauriana: kwa nini mnapunguza, kuna njia gani ya kuepuka au kupunguza idadi, mtachaguaje nani aende, lini, na kwa kiinua mgongo kiasi gani. Wasipokubaliana, suala linakwenda kwa usuluhishi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wote wanaiita CMA. Fundi mkuu na wenzake wakakaa vikao vitatu. Hawakuwa na wakili. Walikuwa na katibu wa tawi, daftari la kaunta na chupa ya chai.

Kazi zao hawakuziokoa, magari yalikuwa bado juu ya magogo. Walichopata ni hiki: kampuni ilikubali kuhesabu miaka yote badala ya kuishia 10. Sheria inaweka sakafu. Dari mnajengeana wenyewe mkikaa mezani. Juu ya hapo wakalipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi (sheria inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), likizo ambazo hawakwenda, na cheti cha utumishi. Fundi mkuu, kwa kuwa aliajiriwa Tanga, alilipiwa kumrudisha yeye na vyombo vyake hadi Tanga, na posho ya kujikimu kwa siku alizosubiri usafiri huo. Hakurudi Tanga. Alichukua hela akanunua mashine ya kuchomelea.

Yote haya yalichelewa, lazima niseme. Sisi tuliosaini tulilipwa kabla ya mwisho wa Julai. Wao waliona shilingi ya kwanza mwishoni mwa Septemba, na nusu nyingine Oktoba. Agosti ile fundi mkuu alikopa kwangu unga na mafuta ya taa, na mimi nilimkopesha kwa huruma ya mtu aliyeshinda.

Novemba hela yangu ilikuwa inaelekea ukingoni. Nikasikia kwa dereva mmoja kwamba kuna fao la kukosa ajira. Tangu mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya 2018, mwanachama aliyechangia walau miezi 18 na kupoteza kazi anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa hadi miezi sita. Nilikuwa nimechangia miaka 14. Nikafunga barua zangu kwenye bahasha, nikavaa shati la kanisani, nikaenda ofisi za NSSF.

Dada wa dirishani alisoma barua yangu polepole, akairudia mstari wa kwanza. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, barakoa imemshuka chini ya pua.

"Kaka, hapa umeandika umeomba mwenyewe."

"Niliombeshwa," nikasema.

Akacheka, lakini kwa upole. "Najua. Mnakuja wengi na hii karatasi." Akaigeuza akanionyesha mstari kwa kucha, kana kwamba sijawahi kuuona. Naomba kwa hiari yangu. Fao lile ni la aliyepoteza kazi, akanieleza. Aliyeacha kazi mwenyewe haingii. Akaniuliza kama nina barua nyingine yoyote ya mwajiri inayosema nimepunguzwa. Sikuwa nayo. Nilikuwa na ile barua nzuri ya utambulisho, iliyosema mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na kwamba kampuni inasikitika kwa uamuzi wangu wa kuondoka.

Uamuzi wangu. Nilirudi kwa miguu hadi Mnara wa Saa bila kujua nimepita wapi.

Usiku huo nililitafuta lile daftari. Mtoto alikuwa ameshalijaza hesabu za sehemu, lakini ukurasa wa nyuma ulikuwepo. Nikaongeza upande wa kulia vitu nilivyoviacha Julai. Kiinua mgongo 2,100,000. Notisi 780,000. Likizo ya mwaka mzima, maana sikuwa nimekwenda hata siku moja, 780,000 nyingine. Hapo tayari ni 3,660,000, karibu nimeifikia ile mishahara 5 niliyoiona kama neema. Kisha fao: theluthi ya 780,000 ni kama 260,000, mara sita, 1,558,000 na ushee. Jumla 5,218,000. Na kama ningekaa kwenye vile vikao na fundi mkuu, miaka yangu 14 ingehesabiwa yote, ningeongeza 840,000 zaidi. Zaidi ya milioni sita, dhidi ya 3,900,000. Nililiacha daftari wazi mezani, na asubuhi mama watoto alilikuta, akalifunga, akaniwekea chai. Hakusema neno. Nilitamani aseme.

Sasa, sitaki mtu asome hapa aondoke na wazo kwamba hiari siku zote ni mtego. Pale pale kwetu kulikuwa na binti wa upande wa kupokea oda za wageni, ana miaka mitatu kazini, msingi 600,000. Kwake yeye sheria ingetoa siku 21 za mshahara, kama 485,000, na notisi ya mwezi mmoja. Mishahara 5 ni milioni tatu. Alikuwa tayari na mpango wa kufungua duka la vitenge Kijenge. Alisaini Jumanne ile ile kabla viti havijakusanywa, na alifanya sawa kabisa. Malipo ya mkupuo yaliyo sawa kwa kila mtu yanampendelea mwenye miaka michache. Mkongwe ndiye anayepaswa kuhesabu mara mbili, na mkongwe ndiye mwoga zaidi, kwa sababu ameshasahau jinsi ya kutafuta kazi.

Tena kampuni zenyewe huumia. Mlango wa hiari ukifunguliwa kwa wote, wa kwanza kutoka ni yule anayejua atapokelewa kwingine. Kwetu alitoka mwongoza watalii aliyekuwa anazungumza Kijerumani na Kifaransa, mtu ambaye wageni walikuwa wanamwomba kwa jina. Wageni waliporudi, kampuni ilimtafuta kwa simu wiki nzima. Alishasajili kampuni yake na alikuwa anatumia spea nilizomtafutia mimi. Hiyo nilicheka peke yangu.

Baadaye, nikiwa sina kazi na nina bando, nilisoma jinsi wenzetu wanavyofanya, kwa kuwa wenye hisa wetu walikuwa watu wa nje na nilitaka kujua kama kwao wangetufanyia vile vile. Uingereza, anayejitokeza kwa hiari kampuni inapopunguza watu bado anahesabiwa kisheria kuwa ameachishwa na mwajiri. Kunyoosha mkono hakumgeuzi kuwa mtu aliyeacha kazi. Marekani sheria ya taifa hailazimishi kiinua mgongo hata senti, jambo lililonishangaza, lakini tangu 1990 mfanyakazi wa miaka 40 na zaidi anayeombwa kusaini kuachia madai yake ya kubaguliwa kwa umri, kwenye mpango unaogusa kundi, lazima apewe siku 45 za kufikiri, na akishasaini ana siku 7 za kubadili mawazo. Siku 45! Mimi nilikuwa na miaka 43 na nilipewa tangu Jumanne hadi Ijumaa.

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hawakuwahi kusikia hiari yenye mwisho wa Ijumaa saa kumi.

Na hili la sheria ya mfuko, nimejaribu kuikasirikia nikashindwa. Ni haki kwamba fao la kukosa ajira lisiende kwa aliyeamua tu kupumzika. Kosa liko kwenye karatasi. Kampuni imeamua watu 37 waondoke, imeweka tarehe, imeweka kiasi, imechapa fomu; halafu anayeandika "naomba" ni mtunza stoo. Kwa neno hilo moja, hakuna tena kusudio la kupunguza, hakuna mashauriano, hakuna kwenda CMA ndani ya zile siku 30 za kupinga kuachishwa, kwa sababu aliyeomba anapinga nini? Mishahara 5 ile haikuwa zawadi. Ilikuwa bei, na kilichonunuliwa ni jina la aliyevunja mkataba. Kama ningejua kuna kitu nauza, labda ningeuza, lakini ningeuliza bei kwanza.

Watu wa hapa wana maneno mengi ya jambo hili. Wazee wa viwandani, wale walioona viwanda vya mashirika ya umma vikifungwa au kuuzwa, bado wanasema "redandansi". Vijana wanasema "wamempiga chini". Majirani wakiniuliza wakati ule nilisema "nimepunguzwa", kama mtu yeyote angesema, na hakuna aliyeniuliza barua. Ni karatasi peke yake iliyosema vingine.

Fundi mkuu sasa ana banda lake mtaani Unga Limited, anachomelea keria za juu za magari na kunyoosha chesisi. Mimi ninampelekea wateja. Nina duka dogo la spea mtaa wa pili. Mwaka jana alinionyesha barua yake. Ameiweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kasha la elektrodi, pamoja na hati ya kiwanja. Mstari wenyewe ni mfupi: mkataba wako umesitishwa na mwajiri kutokana na sababu za kiuendeshaji. "Soma tena," akaniambia, akitabasamu, na mimi nikasoma tena kwa sauti, mashine yake ikinguruma nyuma yetu.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimpigia, sikumwandikia. Nilimuuliza ana miaka mingapi pale. Sita. Likizo umekwenda? Mwaka huu bado. Taarifa ya michango yako umeiangalia, miezi yote imeingia? Kimya. Umeajiriwa wapi? Dodoma, mjomba, ndiko walikonifanyia usaili na kunipa mkataba. Basi kuna nauli na mizigo, nikamwambia, andika hiyo nayo. Mwisho wa kusaini lini? Jumatatu.

"Wanasema wakipita hapo hawaahidi kitu," akasema.

"Hata sisi walisema hivyo."

Nikamshauri aandike barua pepe ya heshima, aombe muda hadi mwisho wa mwezi, aombe kuonyeshwa kwa maandishi kila haki ni shilingi ngapi badala ya ile "yanajumuisha haki zote", na aombe sentensi ya kwanza ibadilishwe iseme ukweli: kampuni inapunguza wafanyakazi, na yeye amekubali masharti haya. Kama fedha ni nzuri achukue, sina ugomvi na fedha. Ila asiwe yeye anayeomba. Aliandika usiku ule ule, akanitumia nakala. Kiswahili chake kizuri kuliko changu.

Jumatatu ilipita. Jana nimempigia tena. Afisa utumishi amemwambia fomu ni ya wote na haibadilishwi kwa mtu mmoja, lakini barua yake "imepelekwa juu". Wenzake wanne wamemwomba awape nakala ya ile barua pepe nao wabadilishe majina. Hajasaini, hawajamfukuza, na kila siku asubuhi saa mbili kasorobo anasaini daftari la mahudhurio kama kawaida.